Mbio ni Elimu, Mapumziko ni Haki

Ziko fikra mbili potofu ambazo Mtanzania aendaye ng'ambo kusoma huzifungasha pamoja na nguo zake bila kujua. Ya kwanza ni kwamba Mwafrika hana haja ya kufundishwa kukimbia, kwa kuwa mbio amezaliwa nazo. Ya pili ni kwamba Jumamosi na Jumapili, kwa mtu aliyetumwa na Taifa kutafuta elimu, ni siku za kujifungia chumbani, ama na vitabu ama na usingizi; na yule atokaye kwenda kutembea milimani huonekana kuwa mtu wa anasa aliyesahau kilichompeleka.

Fikra hizi zinaonekana kuwa mbalimbali, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinauchukulia mwili kuwa kitu kisichohusika na akili. Ya kwanza husema kwamba mwili wa Mwafrika unajua wenyewe, hauhitaji shule. Ya pili husema kwamba shule haina haja ya mwili. Na zote mbili zina gharama ambayo hailipwi na msafiri peke yake. Hulipwa pia na watoto wa shule ambayo mwalimu huyo atarudi kufundisha, na hulipwa na wananchi watakaosimama mbele ya meza ya mtumishi wa umma aliyerudi na shahada mkononi na maradhi ya moyo kifuani.

Kila mwaka walimu na watumishi wa Serikali huondoka nchini kwenda vyuo vya nje kwa masomo ya mwaka mmoja au zaidi. Mfano wa mji mmoja watosha kuonyesha kinachowezekana. Mji huo ni Sheffield, kaskazini ya Uingereza, uliopata jina lake kwa chuma cha pua na visu, na ambao leo una vyuo vikuu viwili vyenye wanafunzi wengi kutoka nchi za nje. Unafaa kwa sababu mbili. Historia yake ya mbio inagusana na historia ya Tanzania. Na kando yake iko milima ambayo wafanyakazi waliipigania ili wapate mahali pa kupumzika.

Sifa iliyoficha tusi

Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wa Tanzania alichomoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500 na hakumpisha mtu hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, akaifuta rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyodumu tangu mwaka 1967. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa nyuma yake, naye alikimbia chini ya rekodi ile ya zamani, na bado akashindwa.

Tangu siku hizo hadi leo, kila mwanariadha wa Afrika Mashariki anaposhinda, husikika sifa ile ile: ni kipaji cha asili, ni hewa ya milimani, ni mtoto aliyekuwa akikimbia kwenda shule. Sifa hiyo ni tamu masikioni, lakini ndani yake limefichwa tusi la kale. Ni ile hesabu ya kikoloni iliyoigawa dunia mafungu mawili, kwamba wako waliopewa miguu na wako waliopewa akili. Anayeikubali sifa hiyo kwa furaha huwa amelikubali na tusi lake.

Rekodi ya Bayi ilidumu kwa zaidi ya miaka 5. Aliyeivunja, mjini Zürich tarehe 15 Agosti, 1979, alikuwa Sebastian Coe, kijana aliyekulia Sheffield na kufanyia mazoezi yake katika vilima vya mji huo. Mwalimu wake alikuwa baba yake mzazi, Peter Coe, ambaye kazi yake ilikuwa uhandisi wa viwandani na si riadha. Mzee huyo alijifunza ualimu wa mbio kwa kusoma, kuuliza na kupima, kama vile fundi anavyoichunguza mashine. Coe akishinda, watu husema ni sayansi. Bayi akishinda, watu husema ni asili. Kumbe mbio za Christchurch zilikuwa mpango uliopimwa. Mtu anayeongoza kwa kasi kubwa tangu mwanzo huwanyang'anya wapinzani wake nguvu za kufyatuka mwishoni. Huko ni kufikiri, na ni kufikiri kwa kiwango cha juu.

Ushahidi mwingine uko kwa jirani. Mwaka 1976 mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika kufundisha katika shule ya sekondari ya St Patrick's, Iten, nchini Kenya. Hakuwa na ujuzi wa riadha. Alikuwa mtu anayeishi ugenini, akajifunza pale alipokuwa, kwa kuwatazama vijana wakikimbia na kuuliza kwa nini huyu anapita na yule anabaki. Kutokana na mikono yake alitoka Peter Rono, aliyepata dhahabu ya mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012, rekodi ambayo wengi wamejaribu kuifikia bila mafanikio. Ikiwa mwalimu wa Ireland aliweza kujifunza mbio akiwa Kenya, ni kitu gani kinachomzuia mwalimu wa Tanzania kujifunza mbio akiwa Uingereza?

Wala jambo hili si la zamani. Tarehe 15 Septemba, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilometa 42 na mita 195, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Katika mita za mwisho za safari kama hiyo nguvu za watu wote wawili zimekwisha. Kinachobaki ni mkao wa mwili ambao umefundishwa kwa miaka mingi usivunjike hata mwenyewe anapochoka.

Ufundi wa mbio

Basi ufundi huo ni nini? Mbio ni mfululizo wa kuruka na kutua. Kila mguu unapogusa ardhi, mwili hupokea kishindo kinachozidi uzito wa mtu mara mbili na zaidi. Ufundi mkubwa wa mbio uko katika swali moja: kishindo hicho kipokelewe vipi?

Kosa la watu wengi walioanza kukimbia ukubwani, hasa watu wa maofisini, ni kuurusha mguu mbali mbele ya mwili na kutua kwa kisigino huku goti limenyooka. Mguu huo hugeuka kuwa breki. Mtu anajisukuma na kujizuia kwa wakati mmoja, na magoti ndiyo yanayolipa deni. Dawa yake ni kufupisha hatua na kuongeza idadi yake, ili wayo utue karibu na chini ya kiwiliwili.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, mwalimu wa riadha wa Marekani, Jack Daniels, alikaa akahesabu hatua za wakimbiaji. Karibu wote walipiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba mkimbiaji wa kawaida akiongeza idadi ya hatua zake kwa asilimia 5 hadi 10, bila kuongeza kasi, mzigo unaobebwa na magoti hupungua. Hapana haja ya chombo cha bei kubwa ili kulipima jambo hilo. Mtu ahesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa ardhi katika nusu dakika, kisha azidishe kwa 4. Akipata 40, hatua zake ni 160 kwa dakika. Akijizoeza kufikisha 42, zitakuwa 168, na ongezeko hilo ni asilimia 5 kamili. Hata hivyo 180 si amri ya sheria. Mtu mrefu, au anayekimbia polepole, huwa na hatua chache zaidi, na hana kosa.

Kadhalika kuna mkao. Kichwa kiwe wima na macho yatazame mbele, si kwenye vidole vya miguu. Mabega yalegee. Viwiko vikunjwe kiasi cha pembe mraba, mikono iende mbele na nyuma bila kukatiza kifua, na viganja vifumbwe kama vya mtu aliyeshika yai bichi. Mwili uiname kidogo sana kuanzia kwenye vifundo vya miguu, usikunjike kiunoni. Katika kupanda mlima, hatua ziwe fupi na mikono ifanye kazi. Katika kushuka, mtu asijirudishe nyuma kwa hofu; hatua fupi za haraka humshusha salama kuliko hatua ndefu za kujizuia.

Na habari ya viatu? Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliochunguza pia wakimbiaji wa Kenya, walieleza kwamba watu waliozoea kukimbia pekupeku aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kishindo cha kwanza cha mguu wao ni kidogo. Lakini haifai kwa mtu aliyevaa viatu kwa miaka 20 kuvivua siku moja na kwenda kilometa 10. Kitakachoumia ni misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino. Badiliko la mkao ni jambo la miezi.

La mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Sehemu kubwa ya mazoezi yapasa kuwa ya mwendo wa pole, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake kwa sentensi nzima. Mwisho wa mbio hizo ndipo achomoke mara 4 hadi 6, mita 80 hadi 100 kila mara, kwa wepesi na bila kukaza uso. Anayekimbia kila siku kama anayefukuzwa atakwama kabla ya mwezi kwisha, kwa maana mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mapumziko yaliyopiganiwa

Ufundi huo wahitaji muda, na mwanafunzi wa ng'ambo hupata muda huo mwisho wa juma. Hapa ndipo ile fikra ya pili inapoingia na kudai kwamba mapumziko ni anasa ya watu wenye nafasi. Historia ya wafanyakazi wa Uingereza inaipinga.

Katika viwanda vya nguo vya karne ya 19, Jumamosi ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Ilikuwa Sheria ya Viwanda ya mwaka 1850 iliyolazimisha kazi ya wanawake na vijana katika viwanda hivyo ikome saa 8 mchana siku ya Jumamosi. Hiyo haikuwa zawadi ya matajiri. Ilikuja baada ya miaka mingi ya migomo, maandamano na kelele za vyama vya wafanyakazi. Nusu siku hiyo ndiyo mbegu iliyoota hadi ikawa siku mbili.

Lakini muda bila mahali hautoshi. Kati ya Sheffield na Manchester kuna nchi ya milima na mabonde iitwayo Peak District, na kilele chake cha juu ni Kinder Scout, chenye mita 636. Wafanyakazi waliokaa juma zima katika moshi wa viwanda waliiona milima hiyo kwa mbali, lakini sehemu kubwa yake ilifungwa. Ilikuwa mali ya mabwana wachache, nayo ililindwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege wanaofanana na kwale. Jumapili ya tarehe 24 Aprili, 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, wakiongozwa na kijana wa miaka 20 aliyeitwa Benny Rothman, walipanda Kinder Scout bila ruhusa. Kundi jingine lilipanda kutoka upande wa Sheffield. Walikabiliana na walinzi wa mabwana hao, na baadaye vijana watano walitiwa gerezani.

Kifungo hicho hakikuzima madai yao. Mwaka 1949 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo. Sheria nyingine ya mwaka 2000 iliwapa wananchi wa England na Wales haki ya kutembea kwa miguu katika sehemu kubwa ya milima na nyika zao. Kwa hiyo mwalimu wa Kitanzania anayepanda Kinder Scout Jumapili haingii katika anasa ya mabwanyenye. Anakanyaga njia iliyofunguliwa kwa jasho na kifungo cha wafanyakazi wenzake.

Tanzania nayo inalitambua jambo hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa juma, na mapumziko ya saa 24 yasiyokatizwa. Wala kutembea kwa miguu si ugeni wa kizungu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mwili wa kiongozi ulisema jambo ambalo hotuba peke yake isingelisema.

Siku mbili za mgeni

Achukuliwe mwalimu wa sekondari kutoka Singida, aliyeko Sheffield kwa shahada ya pili. Jumamosi saa 3 asubuhi anafika Endcliffe Park, bustani ya umma iliyo upande wa magharibi wa mji. Huko hukusanyika watu kwa mbio za kilometa 5 ziitwazo parkrun. Mbio hizo zilianzishwa na Paul Sinton-Hewitt katika bustani ya Bushy Park, London, tarehe 2 Oktoba, 2004, zikiwa na wakimbiaji 13 tu. Leo zimeenea katika nchi nyingi. Hakuna kiingilio. Wasimamizi ni watu wa kujitolea: mmoja anashika saa, mwingine anasimama kwenye kona, mwingine anatembea nyuma kabisa ili asiwepo mkimbiaji anayeitwa wa mwisho.

Mwalimu huyo ana mengi ya kujifunza hapo. Kwanza, awatazame wenye umri wa miaka 60 wanaompita bila kuhema, ajiulize miguu yao inatua wapi. Pili, ahesabu hatua zake mwenyewe, juma hadi juma, na kuandika. Tatu, siku moja asikimbie, ajitolee kushika saa au kuelekeza watu, aone namna mamia ya watu wanavyopangwa bila bajeti kubwa. Hilo la tatu huenda likamfaa zaidi kuliko mengine yote atakapokabidhiwa michezo ya wilaya. Na ipo faida ambayo haiandikwi katika ripoti ya masomo. Mgeni aliyekaa miezi miwili bila kuitwa kwa jina ataulizwa jina lake hapo. Upweke ni ugonjwa unaowapata wengi ng'ambo, na wengi huuficha kwa aibu. Lakini tembea uone, na uonwe pia.

Adhuhuri akiwa na wenzake wawili watatu anapanda treni ya kwenda Manchester, ambayo kwa takriban nusu saa humfikisha kijiji cha Edale, chini ya Kinder Scout. Kijijini hapo ndipo inapoanzia njia ya miguu iitwayo Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, inayokwenda kaskazini takriban kilometa 430 hadi kuvuka mpaka wa Scotland. Hakuna anayemtaka aimalize. Alale hosteli au hemani, na Jumapili apande taratibu, akimbie vipande vifupi penye tambarare, ajizoeze kushuka kwa hatua fupi, na akifika juu akae kitako ale chakula chake. Kufurahi huko ni sehemu ya kazi ya siku hiyo. Misuli hujengeka wakati wa kupumzika, na akili nayo hupanga ilichokisoma wakati mwenyewe anapotazama mbali.

Tahadhari zisidharauliwe. Mlima huo si mrefu kwa mtu aliyeuona Kilimanjaro, lakini ukungu wake humpoteza hata mwenyeji. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri. Mtu awe na ramani, koti la mvua, tochi na chakula cha akiba, na asiende peke yake. Katika baridi, mwili upashwe joto kwa mwendo wa pole wa dakika 10 kabla ya kukimbia kwa nguvu.

Majibu kwa wenye shaka

Watasema wengine kwamba posho ya mwanafunzi haitoshi, na kwamba nyumbani kuna wazazi na wadogo wanaongojea msaada. Hilo ni kweli, na si la kufanyiwa mzaha. Lakini mbio za Jumamosi hazina malipo, bustani haina malipo, na safari ya treni yaweza kuwa ya mara moja kwa miezi miwili. Jozi moja ya raba nzuri ni ghali, lakini kulipa gharama za kutibu shinikizo la damu maisha yote ni ghali zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma. Mtu ambaye hawezi kuzipata akiwa mwanafunzi hatazipata akiwa mkurugenzi.

Watasema wengine kwamba mbio ni mambo ya wanaume na vijana. Mwaka 2023 Magdalena Shauri wa Tanzania alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, muda ambao wanaume wengi mno wanaojiita wakimbiaji hawataufikia. Mwalimu wa kike aliyeko ugenini ana haki ile ile ya Jumamosi na ya mlima, na kukimbia katika kundi humpa pia usalama.

Na wako watakaosema kwamba aliyetumwa kusoma asome tu. Hao wakumbushwe kwamba Suleiman Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso katika miaka ile ile alipoipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Medali hiyo na ile ya Bayi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, zilizopatikana Moscow mwaka huo huo, ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Taifa limepata hadi baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024. Kitabu na mbio havikugombana katika mwili wa Nyambui.

Mzigo wa kurudi nao

Jambo la kupimwa ni kile kinachorudi nyumbani. Shule nyingi za msingi nchini zimejua mchakamchaka kwa miaka mingi. Watoto mamia hukimbia alfajiri kwa wimbo na vumbi, bila kiingilio na bila gharama. Watu wa London walianza na 13. Shule ya kijijini huanza na 400. Ni utajiri mkubwa ambao nchi nyingi zingeutamani. Lakini mara nyingi hapana mwalimu anayewatazama watoto hao miguu yao. Mbio zao huhesabiwa kuwa kelele za asubuhi, na mahali pengine hugeuzwa kuwa adhabu kwa waliochelewa. Mtoto aliyefundishwa kwamba mbio ni adhabu ataziacha siku atakayomaliza shule.

Mwalimu aliyejifunza Sheffield anaweza kulibadili jambo hilo kwa juma moja. Awafundishe watoto kuhesabu hatua kwa nusu dakika, na hilo pia ni somo la hesabu. Awaoneshe mkao wa kichwa na mikono. Awaache wasio na viatu wakimbie penye majani na udongo laini, si penye kokoto. Mara mbili kwa juma awaambie wachomoke mita 80 kwa wepesi, bila kushindana. Asingoje majuma matatu kabla ya UMITASHUMTA au UMISSETA ndipo awakusanye wale wachache wenye miguu mirefu na kuwakimbiza hadi waumie. Hayo yote hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji mtu anayejua na anayejali.

Mtumishi wa ofisini naye ana sehemu yake. Akirudi, aanzishe kundi la Jumamosi katika uwanja wa wilaya, saa 1 asubuhi kabla ya jua kali, bosi na mhudumu wakikimbia pamoja, mtu mmoja akishika saa na mmoja akifuata nyuma. Ofisi ambayo watu wake wameonana wakitoka jasho ni vigumu kurudia ule ubwana wa kumwambia mwananchi arudi kesho.

Filbert Bayi hakushinda Christchurch kwa sababu mbio zilimjia zenyewe, na Benny Rothman hakuupanda mlima kwa sababu lango liliachwa wazi. Yote mawili yalitakiwa, yakapangwa, yakafanyiwa kazi. Mtanzania aliyeko ugenini naye avae raba zake Jumamosi, ajifunze kwa akili, apumzike bila aibu, na aandike alichojifunza. Alfajiri moja atakaporudi, watoto 400 watakuwa wamejipanga uwanjani wakisubiri mwalimu wa kuwaongoza, na hapo ndipo safari yake itakapopimwa.